Ua la Kilima cha Rhobi

Siku nilipokabidhi funguo za chumba cha mimea iliyokaushwa mliniandalia soda, keki na hotuba tatu, na kila hotuba ilisema kwamba nimeilinda mimea ya Tarime na Serengeti maisha yangu yote. Nilikula keki, nikanyamaza. Baadaye mkaniomba niwaandikie kidogo kuhusu miaka yangu ya kazi, ili mnaoanza msipapase. Nimekubali kwa sababu ya ua moja tu. Tulilijua katika sehemu mbili, na leo halionekani popote. Sehemu ya kwanza waliliua watu ambao hawakulijua. Ya pili nililiua mimi, niliyelijua kuliko wote, na nina cheti ukutani cha kuthibitisha kwamba nililijua.

Lakini nianze mwanzo, kama nilivyofundishwa.

Siku yangu ya kwanza nilitoka nyumbani Turwa nimevaa viatu vya kisigino, kwa kuwa nilikuwa nimeambiwa nimepata kazi ya ofisini. Aliyenipokea alikuwa Mzee Komba, mtu wa Songea, mfupi, mwenye kofia ya kitambaa ambayo jua lilikuwa limeifuta rangi. Alivitazama viatu vyangu, akakitazama kilima kilichokuwa nyuma ya ofisi, kisha akasema, "Ghati, niletee mimea kumi." Nilirudi mchana miguu imevimba, nimebeba maua kumi mazuri niliyoyakata juu juu. Akayapokea kwa mikono miwili, akayatia kwenye glasi ya maji, akaiweka dirishani.

"Shada zuri," akasema. "Harusi ni ya nani?"

Nilitaka kulia. Akanikalisha na kunieleza kwamba mmea bila mizizi ni kama mtu bila kichwa, hakuna atakayeutambua. Kesho yake nikaja na raba na jembe dogo, na sijavaa tena visigino isipokuwa kanisani.

Kifaa chetu kikubwa kilikuwa presi. Ni fremu mbili za mbao na mikanda miwili, na katikati yake magazeti na makadibodi. Mmea unalazwa kwenye gazeti ungali laini, unapangwa vidole vikiwa vyepesi, jani moja linageuzwa ili mgongo wake uonekane, halafu unapiga goti juu ya presi na kukaza mikanda. Magazeti yanabadilishwa kila siku mpaka mmea ukauke. Mzee Komba alisema magazeti ya michezo yananyonya maji vizuri kuliko ya siasa, na mpaka leo sijui kama alikuwa ananitania. Mmea ukikauka unabandikwa kwenye karatasi ngumu, na pembeni chini unawekwa kibandiko: umeokotwa wapi, lini, kwenye udongo gani, ipo mingi au michache, na nani aliyeokota.

Alikuwa na sheria tatu, na nazisema hapa kwa sababu zote tatu zitarudi. Ya kwanza, kabla hujachimba mmea mmoja, hesabu ishirini. Usipoona ishirini, chora uondoke. Ya pili, kibandiko hakifutwi. Ukigundua kilichoandikwa ni kosa, unabandika kingine chini yake, unaweka jina lako, na lile kosa linabaki pale likionekana. Ya tatu, mwenyeji akikueleza jambo kuhusu mmea, liandike kwenye daftari kama alivyolisema, hata kama moyoni unacheka.

Kuandika niliandika. Hilo hakuna wa kunilaumu.

Ua lenyewe tuliliona kwanza upande wa Kerende, kwenye mteremko wa changarawe ambapo mvua ikinyesha maji hukimbia yote na jua likitoka pamekauka papo hapo. Hapakuwa na mtu aliyepalima, kwa sababu jembe lilitoa cheche. Mvua ya kwanza ya msimu ilikuwa imenyesha siku mbili zilizopita. Mzee Komba alitangulia, mara nikamwona amepiga magoti na amevua kofia. Nikadhani amepatwa na kizunguzungu.

Lilikuwa na urefu wa kidole tu, limechomoza ardhini bila jani hata moja, rangi ya maziwa, na kila petali ina mstari mwekundu mwembamba kuanzia chini mpaka nchani. Chini yake kulikuwa na kitunguu kidogo kilichofunikwa na maganda ya kahawia. Tulihesabu ishirini, tukahesabu ishirini nyingine, ndipo tukachimba moja. Hatukulipata katika kitabu chochote tulichokuwa nacho. Tulipolipeleka kwa wakubwa wanaotunza mimea ya nchi nzima, walitujibu kwamba nao hawana linalofanana nalo. Siku ile Mzee Komba alituagizia wali na kuku, jambo ambalo hakuwahi kulifanya kabla wala baada ya hapo.

Kila mwaka, mvua ya kwanza ikinyesha, tulikwenda Kerende. Lilitoka siku nne, likanyauka, majani yakafuata, kisha yote yakakauka na usingejua kama kuna kitu chini. Tulienda hivyo miaka mingi. Halafu ukaja mwaka tukakuta mteremko una mashimo, maturubai na watu.

Siwezi kuwasema vibaya. Walikuwa vijana kutoka kila mkoa, waliosikia kuna dhahabu wakaja na sururu zao. Mmoja wao, Masanja, Msukuma mwenye sauti ya upole, alinisikiliza nilipofungua mchoro wangu na kumweleza tunachokitafuta.

"Hili? Mama, tungejua!" akasema. "Mbona tumeyafukia mengi?"

Akatupeleka kwenye shimo lake. Ukingoni palikuwa na maua sita. Akachukua tawi akachora duara kuyazunguka, upana wa mkeka, akawatangazia wenzake kwamba hapo hapachimbwi. Wakamcheka, wakamwuliza kama ameshaoa au ndiyo anatafuta mahari ya maua. Lakini waliliheshimu lile duara. Walichimba kulizunguka pande zote mpaka likabaki limesimama peke yake katikati ya mashimo. Mvua kubwa ilipokuja, udongo ule ulioachwa ukaporomoka wote. Masanja ndiye aliyetuletea habari, alisafiri mpaka ofisini Tarime, akasimama mlangoni kama mtu aliyeleta taarifa ya msiba. Alikuwa amefanya alivyoweza.

Mzee Komba alikwenda kuona, ingawa magoti yake wakati huo yalikuwa yamechoka. Alisimama ukingoni. "Tulichelewa, Ghati," akasema. "Ukilipata pengine, usichelewe." Mwaka uliofuata alistaafu, akarudi Songea, na kabla sijalipata pengine nikaletewa habari kwamba amefariki. Niliyabeba maneno yale kama wasia. Nilikuwa nimeona kwa macho yangu kwamba ua lile liliuawa na miguu ya watu, kwa hiyo nikajiapiza kwamba nikiliona tena hakuna mguu utakaolisogelea.

Nilitembea na ule mchoro miaka kadhaa. Nilikuwa nauonyesha kwenye zahanati, shuleni, makanisani, mpaka watu wakanibatiza Mama Majani. Siku moja nikaupeleka mnadani Mugumu, siku ya ng'ombe. Mama mmoja mrefu, fimbo mkononi, akaunyakua na kuugeuza huku na huku.

"Nani amechora hii?"

"Mimi, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Umechora vibaya. Hii maua iko kwangu."

Huyo ndiye Rhobi. Alikuwa amenizidi miaka kama kumi, mjane, mwenye ng'ombe wake mwenyewe na ulimi wake mwenyewe. Kwake kulikuwa kilima cha mawe, mbele kidogo ukishapita bwawa la Manchira, pakavu vilevile kama kule Kerende. Nilingoja mvua ya kwanza kama mtoto anavyongoja Krismasi.

Nilipofika, kilima kilikuwa cheusi. Walikuwa wamechoma nyasi wiki chache kabla, kama wafugaji wengi wanavyofanya ili majani mapya yatoke. Na katikati ya jivu, kwenye alama za kwato, lilikuwapo. Halikuwa moja wala sita. Kilima kizima kilikuwa na madoa meupe, na ng'ombe wa Rhobi wanapita juu yake wakitafuna. Nilifurahi, na papo hapo nikaogopa. Kila kwato iliyoshuka niliisikia kifuani.

Rhobi alikaa juu ya jiwe akanieleza. Yeye na dada yake, Nyangi, walichunga ndama hapo wakiwa watoto, kabla Rhobi hajaolewa jirani tu na kwao. Ua lilipotoka, Nyangi alilipachika sikioni na kutembea kama bibi harusi. Nyangi aliugua akafariki akiwa bado mdogo. "Basi mimi kila mwaka nikiona hii maua, namwona," akasema, kisha akajifanya anamfokea ng'ombe.

Nikamwuliza kama haogopi ng'ombe watalimaliza.

"Waimalize? Wewe mtoto wa Turwa, umesoma shule gani? Hii maua inapenda moto. Tusipochoma, haitoki. Na ng'ombe ikikanyaga, mbegu inaingia chini. Ondoa ng'ombe uone."

Nikatabasamu. Nikafungua daftari, nikaandika kila neno, na mwandiko wenyewe nauona mpaka leo, herufi zimesimama vizuri. Kisha nikalifunga.

Mradi mmoja wa kuhifadhi mimea, ambao hata jina lake halipo tena, ulikubali kutusaidia nguzo na waya. Kilichobaki ni Rhobi mwenyewe akubali. Kilima kile ndicho kilichowapa ng'ombe wake majani ya kwanza baada ya kiangazi, wakati kwingine kote ni vumbi. Nilikwenda kwake mara nne. Mara ya nne nilimwonyesha picha ya mashimo ya Kerende, nikamweleza habari ya duara la Masanja. Aliitazama picha.

"Nikikupa kilima," akasema, "hii maua itabaki?"

"Itabaki, mama."

"Umesema wewe."

"Nimesema mimi."

Tukazungushia uzio. Tukakata barabara ya kuzuia moto kuzunguka kilima, tukajenga kibanda cha mlinzi, tukasimamisha bango lenye picha ya ua, na mara hii picha ilikuwa nzuri kuliko mchoro wangu. Mwaka ule lilitoka kwa wingi. Nilibandika ua moja kwenye karatasi mpya ngumu, na kwenye kibandiko, mahali pa kuandika wingi, nikaandika: Mengi. Wageni walikuja wakapigwa picha. Nikapewa kile cheti. Kichwa kilivimba kidogo, msinisingizie kwamba hakikuvimba.

Nyasi zikaanza kurefuka. Zilifika magotini, zikafika kiunoni. Nilizisifu kwenye ripoti, nikaandika kwamba kilima kinapumua. Maua mwaka wa pili yalipungua, nikasema ni mvua. Mwaka wa tatu yakapungua zaidi, nikasema kuna mbuzi wanaopenya, nikaongeza waya. Hapo nje ya uzio Rhobi alikuwa akiwazungusha ng'ombe wake mbali, akagombana na watu wenye bustani karibu na maji, akauza mmoja, akauza tena, mpaka akabaki na mbuzi. Hakunilalamikia hata siku moja. Nikipita kumsalimu aliuliza swali lile lile: "Iko?" Nami nilijibu: "Iko, mama, ila mvua."

Sasa nawaeleza kosa ambalo linaniamsha. Mlinzi wetu, Mwita, aliogopa nyoka. Nyasi zilipozunguka kibanda chake alikata kipande akakichoma, hatua kumi hivi kila upande. Nilipokikuta cheusi nilipandwa na hasira. Nilimwandikia barua ya onyo.

"Mama, ni nyoka," akajitetea. "Nilimwua mmoja mlangoni."

"Vaa buti," nikamwambia. "Hapa hapachomwi. Ukirudia, huna kazi."

Mvua ya kwanza ilipokuja nilitembea kilima kizima. Niliona maua manne tu. Yote manne yalikuwa karibu na kibanda. Niliyaandika kwenye daftari: manne, karibu na kibanda cha mlinzi. Niliandika hivyo, vijana wangu, jivu la Mwita likiwa chini ya viatu vyangu, na sikuona. Nilidhani yamejificha hapo kwa sababu mlinzi anayaangalia.

Mwita hakurudia. Mwaka uliofuata hapakuwa na hata moja, wala mwaka uliofuata huo. Mradi ukaisha, Mwita akaenda zake, waya ukabaki.

Nilikuja kujua nikiwa nakusanya vitu vyangu ili nistaafu. Nilikuwa napanga madaftari kwa mwaka, kazi ya kijinga ambayo hufanywa na mtu anayechelewesha kuondoka. Nikalifungua lile la siku ya kilima cheusi. Inapenda moto. Tusipochoma, haitoki. Ng'ombe ikikanyaga, mbegu inaingia chini. Ondoa ng'ombe uone. Mwandiko wangu. Nikachukua daftari la mwaka wa Mwita, nikayaweka mawili pamoja juu ya meza. Nilikaa chini sakafuni. Mmoja wenu alinikuta akaniuliza kama presha imepanda, nikamwambia ndiyo.

Kesho yake nilikwenda kwa Rhobi. Nilimkuta anafunga mbuzi. Nikamwamkia, nikamsomea maneno yake mwenyewe kutoka kwenye daftari, na ya Mwita, na ya maua manne. Nikamwambia: ulinieleza, nikaandika, sikukusikiliza, nimeliua. Sikuongeza habari ya mvua.

Akachukua jembe, akatangulia kilimani. Tulipita mahali waya ulipolegea. Nyasi zilikuwa zimekuwa ngumu, zimejikunja juu ya ardhi tabaka juu ya tabaka, na chini yake pana giza na unyevu ambao kilima kile hakikupaswa kuwa nao. Tulichimba pale yalipokuwa yamejaa zamani. Tulivikuta vile vitunguu. Nilivishika kimoja kimoja, na kila nilichokishika kilikuwa maganda matupu au kimeoza, kinanuka. Rhobi alichimba mpaka jua likawa kali, mama wa umri ule, na mimi nikichambua udongo kwa vidole. Hatukupata kizima.

Akakaa juu ya lile jiwe lake.

"Ng'ombe nilishazoea kwamba hazipo," akasema. "Nilisema sawa, ng'ombe hazipo, lakini maua iko, Ghati anaangalia."

Nikalia. Yeye hakulia. Akauliza, "Ile karatasi yako, iliyo na maua imekauka. Jina langu liko?"

Halikuwapo. Mahali pa aliyeokota palikuwa na langu.

Nilirudi ofisini, nikatoa ile karatasi kwenye kabati. Ua bado lipo, limelala vizuri, mstari mwekundu umegeuka kahawia. Neno "Mengi" sikulifuta. Chini yake nimebandika kibandiko cha pili, mtakiona: "Kilima cha Rhobi. Huota baada ya nyasi kuchomwa, mahali ng'ombe wanapopita. Aliyelijua na kueleza hivyo ni Rhobi, mwenye kilima. Niliyezuia moto na ng'ombe ni mimi, Ghati. Limetoweka."

Ile presi na lile daftari nimewaachia. Waya nimeshauondoa kwa mikono yangu, na Rhobi amekubali kilima kichomwe mwishoni mwa kiangazi na ng'ombe wa majirani wapite. Inawezekana kuna mbegu iliyojificha mahali, sijui, na nimejifunza kusema sijui. Mvua ya kwanza ikinyesha, nendeni mkaangalie. Vaeni raba. Lakini mkimkuta Rhobi njiani akawauliza, msimwambie lipo mpaka muwe mmeliona kwa macho yenu wenyewe. Mimi nilishamwahidi mara moja.